Mikono ya Kuamkia

Mwanangu wa kwanza alifikisha miaka mitano bila kutamka neno. Masikio yalikuwa mazima. Ukifungua kopo la sukari chumba cha pili, anakuja. Daktari alimwangalia, akasema wapo watoto wa namna hiyo, tumzungumzishe sana na tusubiri. Kusubiri mimi sikuumbiwa. Nilijipa mwaka mmoja: siku ya kumwandikisha shule, binti yangu atamwambia mwalimu shikamoo. Neno moja tu. Niliamini mtoto aliyeamkia hawezi kurudishwa mlangoni.

Ninashona nguo nyumbani kwetu Buzebazeba, kwa hiyo mabaki ya vitambaa sikosi. Nilimshonea kitabu cha vitenge, kila ukurasa kitu kimoja: kuku, kikombe, jua, samaki mgebuka mwenye jicho la kifungo. Kila asubuhi, baada ya uji na kabla sijagusa charahani, tulikaa mkekani. Nafunua ukurasa, nataja, nangoja. Yeye analamba kifungo. Tukitoka hapo tulipanga vizibo vya soda, vyekundu huku, vya kijani kule, kisha maharage kwa rangi zake, kisha tukafinyanga ng'ombe kwa udongo niliouchota bondeni. Kwa vidole alinizidi mbali. Ng'ombe wake walikuwa na mkia, pembe na chuchu. Jumamosi tuliteremka ziwani, nikamchorea herufi mchangani, kando ya wanawake walioanika dagaa. Nilizungumza peke yangu kutwa nzima. Ungepita ungedhani nimerukwa na akili.

Mwaka huohuo mama mkwe alikuja kutoka Kidahwe kukaa nasi, mguu ukimsumbua. Alikuwa Muha wa kale na salamu zake za kale. Mimi nimezaliwa Ujiji. Kwangu ni shikamoo, marahaba, tumemaliza. Yeye aliinama kidogo, akapiga makofi polepole, viganja vikikutana karibu bila sauti, akasema, "Mwakeye," na kuendelea kupiga huku akiuliza habari za nyumba nzima hadi mbuzi. Mteja wangu akija na haraka zake, ilibidi haraka aziweke chini kwanza.

Sikumbuki ilichukua siku ngapi. Asubuhi moja natoka chumbani, nawakuta mkekani wameelekeana. Bibi anapiga makofi, mjukuu ameinamisha kichwa, anangoja amalize, kisha anajibu kwa makofi yake. Bibi akatulia. Mtoto akaanza tena mwenyewe.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Ameniamkia."

"Hajasema kitu, mama."

"Kwetu hiyo ni salamu."

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Tangu azaliwe, mtoto yule hakuwahi kumgeukia mtu na kumsalimu kwa namna yoyote, na sasa alimsalimu kila aliyeingia: muuza mkaa, jirani, wateja. Watu walicheka kwa wema, nao wakampigia. Mimi nilikasirika. Niliona wanamzoesha ububu. Niliona akishajua njia hii ya mkato, neno langu halitatoka kamwe. Samaki mkunje angali mbichi, nikajiambia, nikaanza kumkunja.

Kila alipoinua mikono, niliishika. Sikumpiga, na hilo nimelirudia mara nyingi kwa watu ambao hawakuniuliza. Niliishika tu, wa kushoto na wa kulia, nikaibana mapajani pake na kumwangalia mdomo. "Sema. Shikamoo. Sema." Mwanzoni alivuta. Baadaye akawa analegea. Ikawa sehemu ya ratiba yetu, baada ya kitabu na kabla ya vizibo, na kila mgeni alipobisha hodi.

Mama mkwe alinionya mara moja tu. "Mwanangu, mwachie mikono yake. Midomo ya kusema ipo mingi humu ndani."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia shule haifundishi Kiha.

Wiki ile alimwomba mume wangu amrudishe Kidahwe, akisema mguu umepoa. Mguu haukuwa umepoa. Alifariki kabla mvua hazijaanza, na sikuwa nimemwomba radhi. Msibani wazee walisalimiana kwa makofi uwanja mzima. Nilikuwa tayari kumzuia mwanangu, lakini haikuhitajika. Mikono yake alikuwa ameificha kwapani mwenyewe.

Januari nilimvisha sare niliyoishona kwa mikono yangu, tukaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mpole, amechoka. Nyuma yetu wazazi walikuwa wamepanga foleni hadi nje. Alimwinamia mwanangu, akamsalimu. Kimya. Nikamfinya bega. Kimya. Mwalimu akasubiri kuliko nilivyotegemea, kisha akaweka kalamu mezani, akapiga makofi polepole, viganja vikikutana karibu bila sauti.

"Mwakeye," akasema.

Mwanangu aliiangalia ile mikono. Akaizamisha yake zaidi kwapani, akanigeukia kuona kama amefanya sawa.

"Mimi kwetu Kasulu," mwalimu akaniambia. "Wadogo wengine tunaanza nao hivi. Mama, asiyesema simkatai, ninao wawili. Lakini darasa limejaa na mwalimu ni mmoja. Lazima mtoto awe na namna ya kunijibu, ishara yoyote, nijue ananiona. Mrudishe mwakani."

"Anayo," nikasema. "Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo?"

Sikumweleza. Watu walikuwa wanangoja, na nilimwonea aibu mwalimu yule nisiyemjua kuliko nilivyowahi kumwonea mama mkwe.

Mwaka uliofuata tulirudi, na mwaka huu pia, na jibu limekuwa lilelile, isipokuwa safari hii mwalimu alisema umri nao umeanza kumpita. Mdogo wake amekwishaandikishwa. Mume wangu hanilaumu, na ningependa anilaumu.

Asubuhi, baada ya uji, bado tunakaa mkekani. Vizibo na vitambaa nimeviacha. Nainama mbele yake na kupiga makofi kama nilivyomwona bibi yake akifanya. Napiga hadi viganja vinawaka moto. Sina ninachotegemea, napiga kwa sababu sijui asubuhi niifanyie nini. Mwanangu ananitazama kwa muda. Kisha anatoa mikono kwapani na kushika yangu, wa kushoto na wa kulia, anaibana mapajani pangu, na kuniangalia mdomo.