Cherehani ya Mama Mahakamani

Mpaka leo nikisikia harufu ya peremende ya mnanaa, naondoka mahali hapo. Msajili wa mahakama ya ufilisi alikuwa akiinyonya, akiihamisha shavu hadi shavu, huku mtu mzima akiumbuliwa mbele yake.

Ilikuwa Birmingham, miaka ya sabini. Nilitegemea kumwona jaji, lakini kesi hizo alizisikiliza msajili. Chini yake aliketi mfilisi wa serikali, ambaye kazi yake ni kukusanya mali ya aliyefilisika na kumhoji hadharani. Pembeni mama mmoja aliandika kila neno kwa hatimkato, maana baadaye mtu husomewa majibu yake mwenyewe na kuyatia sahihi. Tarishi mwenye joho alisimama mlangoni akichokonoa kucha kwa njiti ya kibiriti. Nyuma walikaa wadai, wauza vitambaa, nao waliruhusiwa kuuliza. Walicheka mara mbili, na sikuona cha kuchekesha.

Aliyehojiwa alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Lozells, Mhindi Mwislamu kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa muuguzi, nakaa Erdington, na nilipanda basi mpaka dukani kwake kwa sababu tu ya kuongea Kiswahili na mtu. Cherehani yake ilipokufa nikampelekea ya marehemu mama yangu, ile iliyonilipia karo kwa kushona sare za watoto wa wenzetu. Nilikuja nayo kwa meli kutoka nyumbani. Nilimwambia aitumie mpaka mambo yamnyookee.

Sikumwambia mtu. Kwetu ukimwazima mwenzio kitu kinachomlisha, hutangazi; unamsitiri. Akina mama wa kanisani kwangu walipokuja dukani wakaisifu, niliwaambia fundi ana mashine nzuri. Yeye alikuwa akisikia, anainamia kitambaa chake.

Duka lilipofilisika, mfilisi aliiorodhesha cherehani pamoja na meza na pasi. Nikaenda kudai changu, nikaitwa nitoe ushahidi. Fundi aliapa ni yangu. Mimi nikaapa vilevile.

Mfilisi hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Alikubali kabisa kuwa ni ya mama yangu. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba sheria yao inasema hivi: mali ikiwa mikononi mwa mfanyabiashara kwa ridhaa ya mwenye mali, na watu wakaamini ni yake, inahesabiwa yake. Inauzwa, wadai wanagawana.

"Kuna mteja yeyote uliyemwambia kuwa mashine ni yako?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ningemwaibisha."

Msajili aliacha kunyonya peremende, akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. Akasema kwamba basi ni wazi, watu wote waliamini ni ya fundi, na mimi mwenyewe nilihakikisha hivyo. Heshima yetu ndiyo waliyoigeuza ushahidi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona haya. Mfilisi akaongeza kuwa sheria ina huruma: fundi atabaki na nguo zake, matandiko na mkasi.

Msajili aliamuru cherehani iuzwe. Fundi, aliyekuwa amejibu maswali yote kwa Kiingereza bila kuinua macho, akanigeukia.

"Dada," akasema kwa Kiswahili, "bora ungeniaibisha tu."

Kalamu ya yule mama ikasimama. Msajili akaniuliza mtu huyu amesema nini, kwa sababu kila neno lazima liandikwe. Wadai wakainua shingo. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Amenisalimia," nikasema, na yule mama akaandika hivyo.