Vigingi vya Bi Mwatum

Msinambie Bi Mwatum mjinga. Huyo kalima mwani pwani ya Paje miaka thelathini, na sisi wengine, mimi Muzdalifa nikiwamo, ndiye aliyetufunza kufunga mbegu kwenye kamba.

Kwetu shamba la mwani halina hati, hati yake vigingi. Vikisimama, shamba lina mwenyewe. Ukiving'oa, umeliacha, na yeyote ana haki ya kuchomeka vyake. Bi Mwatum alipofiwa na mumewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi hakutia mguu pwani, na hapana aliyemgusia hata kijiti.

Ikaja kampuni ya Wachina, kwa ubia na wakubwa wetu. Tukaambiwa tutajengewa kiwanda cha mwani, tutauza kwa bei ya maana. Loo, vigelegele tulivyopiga! Mkalimani wao, Kheir, kijana wa mjini, akamwendea Bi Mwatum kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi. Wageni wanataka kupima ufuo, na vigingi vinawazuia. Siku saba tu, kisha mtavirudisha."

"Marahaba mwanangu. Mgeni hazuiwi mlangoni."

Akavua viatu, akaingia majini, akaving'oa vyake kwa mkono wake. Wanawake arubaini tukamfuata. Nani angebaki nyuma?

Siku ya nane tukakuta seng'enge ufuo mzima.

Bi Mwatum akaenda ofisi ya ardhi mjini, nami nkamsindikiza. Afisa hakutugombeza, afadhali angetugombeza. Alifunua faili, akatuonyesha picha: maji yamekupwa, mchanga mtupu, hapana kigingi hata kimoja. Chini pameandikwa kuwa ufuo hautumiki.

"Fidia analipwa mwenye shamba, bibi. Hapa shamba liko wapi?"

"Nliving'oa kwa heshima yao," Bi Mwatum akasema.

"Hakuna aliyekulazimisha," afisa akajibu, akafunga faili.

Kiwanda mpaka leo hatujakiona. Inayopanda ni hoteli, na mimi nnafua mashuka ya watu. Wenzangu wanasema Bi Mwatum katuuza. Uongo mtupu, hakupata hata shilingi, na yeye ndiye aliyepoteza shamba kubwa kuliko sote. Nnajua hayo. Nnamwonea huruma, wallahi, na nnamkasirikia vilevile.

Juzi kapita mlangoni pangu. Yeye, mkubwa wangu, akanianza kwa salamu. Majirani walikuwa wananitazama. Nkainamia beseni langu, nkaendelea kufua, sikumwitikia.