Mtu wa Drafti Ndani ya Kompyuta

Nilipokuwa mdogo tulikaa kambini, maana baba alikuwa sajenti. Siku moja askari mmoja alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa choo. Alimchora mkubwa wao: tumbo, fimbo na pua. Pua ndiyo iliyomponza, ilikuwa yenyewe kabisa. Watu walienda chooni hata wasio na haja. Baba akamwamuru yule askari aufute mchoro kwa shati lake, kisha alivae, na alitembea nalo jeusi wiki nzima. Shule niliacha darasa la tatu, lakini somo hilo lilibaki: mchoro ukifanana sana, kuna mtu ataumia. Kiswahili changu nacho ni cha kambini, mnivumilie.

Nimeanza mbali. Nilitaka kusema habari za mtoto wangu wa mwisho, ambaye naye mkono haukutulia. Alichora kuku, alichora shehe, alichora walimu mpaka akachapwa. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, anatengeneza simu Arua, kule chini ya kilima. Mwaka jana alikuja hapa Koboko na kompyuta mgongoni. Hata chai hakunywa.

"Baba, nimetengeneza mchezo. Kuna watu Kampala wanataka kuonyesha pamoja na picha na sanamu. Wengine wanabisha, wanasema mchezo si sanaa. Mimi nataka neno yako kwanza. Ukikataa, nazima kabisa."

"Mchezo ya mpira?"

"Mchezo ya nyumba yetu."

Nikacheka. "We! Nani Kampala anataka kuona choo yangu?"

"Choo iko, baba. Hata mbuzi yako kiguru iko."

Akanionyesha vidole viwekwe wapi. Kweli, mlango uliopinda ulikuwepo, na mbuzi alichechemea. Humo ndani wewe ni mtoto. Mama yako amelala kwenye mkeka, ameshika tumbo, anakuita. Unatoka kutafuta msaada. Barazani kuna mwanamume anacheza drafti na rafiki yake, kwa vifuniko vya soda. Ukimgusa, maneno yanatokea juu ya kichwa chake: Ngoja kwanza.

Kusoma kwangu ni kwa kutambaa, lakini hayo niliyasoma mara moja.

Nikamgusa tena. Ngoja kwanza. Ndani sauti ya mama inapungua.

"Huyu mutu anasimama na kidude gani?" nikauliza.

"Bonyeza zote, baba."

Nilibonyeza zote.

"Sasa unashinda namna gani?"

"Hakuna kushinda."

Nitasema kweli, umri wangu hauna tena cha kuficha. Ilikuwa hivyo. Nilikuwa barazani, karibu kupata kingi kwenye drafti. Nilipomaliza ndipo tukampandisha mama yake kwenye pikipiki, tukashika barabara ya Arua, na hakufika. Kwenye matanga kaka zake walikuja wakicheza ngoma, kama desturi yetu: upande wa mwanamke wanacheza mbele yako na kukuimbia makosa yako, na wewe huruhusiwi kujibu. Waliniimbia uvivu, waliniimbia uchoyo. Drafti hawakuiimba kwa sababu hawakuijua. Aliyeijua alikuwa na miaka kumi na miwili, akanyamaza.

"Umefanya mama yako mchezo," nikamwambia.

"Wajomba walicheza mbele yako. Ulisimama mpaka mwisho. Ukasema ni haki yao."

"Ile ni ngoma!"

"Ngoma inachezwa, baba. Na hii inachezwa. Mimi sina miguu ya ngoma, niko na hii."

Picha ya ukutani unaitazama, unaondoka zako. Hii ilikuwa imetumia kidole changu mwenyewe: nilikuwa mimi ndiye mtoto, nikijiomba msaada mwenyewe, nikijinyima mwenyewe. Sijui wasomi wa Kampala wanaita nini kitu cha namna hiyo. Mimi nilijua kwamba mkono uliokitengeneza ni mkubwa kuliko mikono yote ya ukoo wetu, na alichotaka mwanangu kwangu kilikuwa neno moja tu.

Nikasema, "Hii si sanaa. Hii ni kidude ya watoto. Zima."

Akazima. Akaitia kompyuta kwenye mfuko, akamsalimia jirani aliyekuwa anaanika mihogo, akaelekea barabarani bila haraka. Nilidhani amekwenda kununua maji, nikamfunikia chakula. Hajarudi.