Kichwa Kilichoota Juu ya Mkungu

Temeke ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba. Uani kwetu palikuwa na mti wa mkungu, na kivuli chake ndicho kilichokuwa jiko la bibi, mahali alipochomea vitumbua vya kuuza. Asubuhi moja tukaona katikati ya majani kitu cha kijani, chenye mbavu, kikubwa kama kichwa cha mtu. Mkungu huzaa kungu, na kungu hutosha kiganjani.

Jirani yetu Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, akachungulia juu ya ua.

"Mtani, huyo marehemu mumeo. Kafuata vitumbua."

Maneno ya mtani hayachukuliwi kwa uzito. Bibi aliyachukua yote. Kila asubuhi akakiamkia kile kitu, nasi tukaamriwa vivyo hivyo. Mimi nilijifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari, na ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kutaja jina la kitu mpaka niwe na hakika. Basi nami nikasema, shikamoo babu. Sikuamini, ila sikuwa na ushahidi wa kukataa.

Vikatokea viwili zaidi.

"Ndugu zake hao," akasema mtani.

"Mume nitamvumilia," akasema bibi. "Ndugu zake hapana." Akaita mkata miti.

Nikamsihi anipe nafasi nichunguze.

"Chunguza huku ananoa shoka."

Nikapanda. Kikonyo hakikutoka kwenye tawi. Kilitoka kwenye mmea mwingine, unaotambaa, mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikaufuata kwa mkono mpaka ukavuka ua na kuingia kwa mtani.

"Bibi, mkungu haukuzaa kitu. Shina liko kwa jirani."

"Mke wangu aliupanda," akasema mtani. "Mkweme huo."

Kweme tulizijua sote, zile kokwa bapa wanazotafuna wanawake waliojifungua wapate maziwa. Lakini tulizijua za sokoni. Tunda lake hatukupata kuliona.

"Siku zote hizi unanitazama naamkia kweme?"

"Uliamkia kwa adabu, mtani. Ningekukatizaje?"

Mtani akikutenda, unamchukulia mali yake, naye haruhusiwi kununa. Bibi akampandisha mkata miti aangushe matunda yote, mti akauacha. Alasiri karai lilikuwa motoni chini ya mkungu, na mtani ameketi kando, anatubangulia kweme zake mwenyewe, akilalamika kwamba kisu chetu ni butu.