Eterniti ya Mama Dorine

Asubuhi ile Mujinga alikuwa amesimama juu ya meza, miguu mitupu, akimwagia maji paa la jikoni. Tawi la mvokado lilikuwa limeangukia eterniti moja, bati la saruji la zamani, na kuipasua. Mume wake, mzee Kapya, alishika meza isitikisike. Magoti yake yalishakataa kupanda. Wote wawili walikuwa wamefunga vitambaa puani.

Jana yake alikuja fundi na nyundo begani. Mujinga alimwambia arudi kwake akapasue sahani za muke wake. Sasa alilegeza vise, skrubu za paa, polepole, akaishusha eterniti ikiwa imelowana, wakaifunga kwa plastiki, wakaiweka nyuma ya choo. Vumbi la chini hakulifagia. Alilipangusa kwa kitambaa cha maji, na kitambaa nacho kikaingia katika plastiki.

Jirani Annie alikuwa akitazama juu ya ukuta.

"Mama Dorine, unaogesha eterniti sawa mutoto. Kisha utaibeba ku mugongo?"

Mujinga hakugeuka. Alijibu kwamba mtoto huyu angalau anajua kunyamaza.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, na pale kila mtu alilala chini ya eterniti. Watoto walitupa vipande motoni ili visikike vikilia pa! Mama zao walivitwanga, wakasugulia sufuria. Baba yake, Chishimba, kazi yake ilikuwa kuzikata kwa msumeno. Alirudi mweupe kama muuza unga, na watoto wakashindana kumkung'uta nguo. Akakohoa miaka, mwisho pumzi ikakataa. Daktari alisema ni lile vumbi la asbesto. Alisema pia kwamba kwa macho huwezi kujua eterniti ipi ina sumu. Kama ni ya zamani, uihesabu kuwa mbaya.

Tangu pale Mujinga hakumheshimu tena mtu anayechekea vumbi jeupe. Alizunguka nyumba yake chumba kwa chumba, akitazama juu. Palipo pazima alipaka rangi, akapaacha. Msumari haukuingia pale, hata wa kutundika taa. Mkwe wake mmoja alileta mashine ya kutoboa plafo, yaani dari. Alitoka nje na mashine yake, chai hakumaliza.

Baada ya kuifunga ile eterniti, Mujinga alinawa, akavaa, akaenda soko la mtaa wa Kenya kutafuta plastiki nyingine ya kuongeza juu. Kapya alibaki ili achimbe shimo la kuizika. Mujinga alianguka kati ya meza za nyanya, hakuamka tena. Tansio, presha ya damu, walisema. Shimo halikuchimbwa.

Matanga yakajaa watu wa upande wa Mujinga. Wakati yuko hai njia ya kufika kwake hawakuijua. Sasa waliijua hata njia ya jikoni. Alphonse, mdogo wake Mujinga, alivaa miwani myeusi, akajifanya mkubwa wa kilio. Upepo wa mwezi wa munane ulikuwa unatawanya moto chini ya sufuria kubwa. Alphonse akazunguka nyuma ya choo, akarudi na furaha.

"Kule iko eterniti. Tuipasue, tuzungushe ku moto. Nyundo iko wapi?"

Watoto wa waombolezaji wakamfuata mbio, tayari kuokota vipande.

Kapya alikuwa chini, kwenye mkeka. Mfiwa hajibishani na ukoo wa muke wake. Wakimtukana, anainama. Wakiuza viti vyake, anainama. Alijua: akifungua mdomo, watasema hata machozi yake ni ya uongo. Lakini nyundo alikuwa ameikalia tangu alipomwona Alphonse akiingia.

Alphonse alitafuta jikoni, akatafuta chini ya kitanda. Akatangaza mbele ya watu kwamba dada yake aliolewa nyumba isiyo hata na nyundo. Mwisho akasema jiwe litatosha, akainama kuchagua.

Ndipo shangazi yake Alphonse, Victorine, akaketi mbele ya mfiwa kama desturi inavyotaka.

"Mukwe, sema. Mutoto wetu alituachia neno gani?"

Kwa swali hilo mfiwa lazima ajibu, neno kwa neno, bila kuongeza. Alphonse akaacha jiwe, akavua miwani, akaandaa leso. Labda alingoja baraka. Labda alingoja parsele, kile kiwanja cha nyumba.

Kapya akatoa nyundo chini yake, akailaza juu ya mkeka. Akasema.

Victorine akacheka, na machozi juu, na uwanja wote ukamfuata. Kabla jua halijazama shimo lilikuwa tayari, mbali na kisima, na aliyekuwa ndani akichimba ni Alphonse, leso yake puani. Eterniti ikazikwa nzima, na plastiki yake.

Neno lenyewe Mujinga alilisema asubuhi ile akienda soko, kwenye mlango wa uwanja, kikapu mkononi:

"Baba Dorine, ile shimo uchimbe murefu. Na Alphonse akikuya, usimupatie nyundo. Ule muntu, hata yai ya kutokota anaipasulaka na nyundo."