Aliyefika Kabla Yangu kwa Jina Langu

Siku naambiwa kwamba nimeshaishi mji huu miaka mitatu, nilikuwa na miezi minne tu tangu nishuke na mfuko mmoja mkononi.

Nisomeni taratibu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe.

Nilikuwa kwenye chumba cha mahojiano, ofisi ya uhamiaji. Meza, viti vitatu, kompyuta, na feni inayokwaruza juu. Pembeni yangu alikaa Shangazi.

Shangazi si wa damu. Ni mama wa makamo wa shirika linalosaidia wakimbizi na wahamiaji bure. Zamani naye alikuja mkimbizi. Kazi yake ni kutusindikiza kwenye zile ofisi ambazo miguu inagoma kuingia.

Afisa alikuwa mpole tu. Akaniuliza jina, nikamwambia. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yangu, mtaa tuliokuwa tunaishi. Anaandika, anaitikia.

Ghafla vidole vikasimama.

"Mama, hebu rudia tarehe ya kuzaliwa."

Nikarudia.

Akavua miwani, akaipangusa na shati, akavaa tena.

"Wewe upo hapa tayari."

"Ndiyo, si nipo," nikajibu, nikidhani ananitania.

"Hapana. Upo humu." Akagonga kompyuta. "Uliingia nchini miaka mitatu iliyopita. Ulileta cheti halisi cha kuzaliwa. Ukapewa hifadhi. Sura si yako, alama za vidole si zako. Mengine yote ni wewe. Sasa naomba uniambie, wewe ni nani?"

Jamani! Umewahi kuulizwa swali ambalo jibu lake unalijua tangu utotoni, halafu ukaona kabisa halitatosha?

Nilitoka pale na barua. Siku kumi na nne za kujieleza. Nikishindwa, ombi linafungwa kwa udanganyifu, na mimi narudishwa nilikotoka.

Nilikotoka sitaki kuzungumzia sana. Niseme hivi tu: mimi ni fundi cherehani. Miaka minne kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda upande wa pili wa mji kupeleka sare za shule kwa mteja. Watu wenye bunduki wakaingia mtaani kwetu. Njiani nikakutana na jirani anakimbia peku. Akanishika mabega, akaniambia nisirudi. Nyumba yetu imeungua na waliokuwemo.

Mume wangu na binti yetu wa miaka miwili.

Nikageuka na umati. Miguu ndiyo iliyonibeba, mimi sikuwepo.

Sasa, kile cheti changu kilikuwa kwenye bahasha, kabatini, chumbani. Kwa akili yangu, aliyekitoa ni mmoja tu: yule aliyeingia kupekua kabla ya kuwasha moto. Yaani wale wale. Mmoja wao, au mke wa mmoja wao, yuko mji huu, anasalimiwa na majirani kwa jina langu.

Usiku huo nilisukuma kitanda nikakibananisha na mlango.

Kesho yake Shangazi akanipeleka kwa wakili wa shirika. Ofisi yao iko juu ya duka la matairi, ngazi nyembamba, harufu ya mpira mpaka kwenye mafaili. Wakili ni dada mwembamba, mgeni pale, ana mwaka mmoja tu. Alisikiliza bila kunikata hata mara moja.

"Usijibu barua hii mwenyewe," akasema. "Na usimsimulie mtu. Niachie."

Nilishuka zile ngazi nikipumua kidogo. Siku tatu nikapumua. Nikarudi kwake kutia sahihi karatasi fulani, nikashuka tena, nikaenda zangu kazini.

Siku hiyo ndiyo nilipomwona.

Nilikuwa nashona mapazia kwenye kiwanda kidogo, dirisha langu linatazama barabara. Ng'ambo, karibu na nguzo ya umeme, amesimama mwanamke mwenye mtandio wa kijivu. Ananitazama. Si kutazama kwa kupita. Ananikagua.

Nikainamisha kichwa, nikajifanya kutia uzi. Uzi unagoma kuingia.

Kesho yake yupo.

Keshokutwa yupo. Safari hii nilipoinua uso, naye akainua mkono nusu, kama anataka kunipungia. Halafu akaushusha haraka, akaondoka karibu ya kukimbia.

Nikasema basi, nimeshajulikana. Wamejua kwamba mwenye jina amekuja, na wamekuja kulimaliza lile walilolianza.

Chakula kikanishinda. Nikaanza kurudi kwangu kwa njia tofauti kila siku, nasimama kwenye vioo vya maduka kuangalia nyuma. Mtu akikohoa ngazini, nazima taa.

Katikati ya hali hiyo, simu. Wakili. Anataka niende sasa hivi.

Nilimkuta amesimama. Hakukaa, na mimi hakuniambia kaa.

"Mama, siwezi kuendelea na kesi yako."

"Unasemaje?"

"Nimekutafutia wakili wa shirika lingine. Ni mzuri, ameshakubali."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

"Siruhusiwi kukueleza."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nikashika meza.

"Umeniona mwongo," nikasema.

Macho yake yakajaa machozi. "Sijakuona mwongo, mama. Hilo tu ndilo naweza kusema. Naomba uliamini."

Nitaliaminije? Nilirudi chumbani nikafungasha. Sikujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba sitasubiri kukamatwa na serikali wala kuuawa na yule wa mtandio. Nimefika mlangoni na mfuko, namkuta Shangazi anapandisha ngazi, anahema.

"Safari ya wapi?"

"Popote."

"Sawa. Ila ukikimbia, aliyebaki na jina lako ndiye wewe moja kwa moja. Utakuwa umemwachia mwenyewe."

Nikakaa chini pale pale kizingitini. Akakaa na yeye, pamoja na magoti yake yanayomsumbua.

"Alhamisi saa nne asubuhi, pale ofisini kwa shirika," akasema. "Kuna mtu ameomba kukuona. Wakili wako mpya anajua, atakuwepo. Una haki ya kukataa."

"Nani?"

Akanishika mkono. "Yeye."

Nilikubali, na sitawadanganya kwamba ulikuwa ushujaa. Nilitaka kuuona uso wa mtu aliyeniulia watu wangu. Alhamisi nilikwenda na mkasi wa kukatia vitambaa ndani ya mkoba. Shangazi akaniangalia nilivyoukumbatia ule mkoba, akanyoosha kiganja.

"Lete."

Nikautoa mkasi, nikampa.

Chumba kilichokuwa wazi ni kile cha kuchezea watoto. Nikakalia kiti kidogo cha plastiki, magoti yamenifika kifuani, vijitofali vya kuchezea vya rangi vimetapakaa miguuni. Mawakili wawili, wangu na wake, walisimama nje ya kioo. Mlango ukafunguliwa.

Mtandio wa kijivu.

Nikapapasa mkoba, mkasi haumo. Yule mwanamke akasimama pale pale mlangoni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Ile sauti.

Niliisikia kila asubuhi miaka miwili mizima, ikiniuliza leo tunapika nini.

Alikuwa ni dada yetu wa kazi.

Wenzangu, niliulizwa mara tatu kwenye maelezo yangu nyumbani tulikuwa wangapi. Mara zote nilijibu watatu. Yule dada wa kazi sikumweka kwenye waliokufa, wala kwenye waliopona. Hakunijia kabisa kichwani.

"Baba alitupitisha dirisha la nyuma," akasema, bado amesimama. "Akanitupia ile bahasha. Akasema kimbia, mtoto akikua ajue ametoka wapi. Yeye hakuwahi kutoka."

"Akanitupia" niliisikia. "Kimbia" niliisikia. Lakini masikio yangu yalikuwa yamekwama kwenye neno moja.

"Mtoto?"

"Yupo shule, mama. Anatoka saa saba."

Sijui nilifikaje sakafuni. Nakumbuka kijitofali cha njano mbele ya jicho langu, na Shangazi akisema mpeni hewa.

Nilipoweza kukaa, akanisimulia. Mpakani aliona watoto wasio na wazazi wanawekwa foleni ya peke yao na kupakiwa gari jingine. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, na cheti changu mimi, ambaye aliambiwa nimekufa barabarani.

"Wakaniuliza mtoto wa nani. Nikasema wangu. Wakauliza jina. Nikasema lako. Wakasema mbona naonekana mdogo kuliko cheti, nikawaambia kwetu tunachelewa kuzeeka."

Nikacheka. Katikati ya kilio, nikacheka.

Na yeye alikuwa amepata barua: kuna mtu amejitokeza kwa jina lako, utahojiwa. Akaamini ni wale wale wamemfuata mtoto. Akaikimbiza barua kwa shirika lililomsaidia alipofika, ofisi hii hii, enzi za wakili aliyemtangulia huyu. Ngazini akapishana na mimi.

"Nilidhani ni mzimu. Nikakufuata nione kama una kivuli."

Hapo ndipo wakili wangu wa kwanza alipojikuta ana wateja wawili wa jina moja, siri za wote wawili kifuani, na hana ruhusa ya kumwambia yeyote. Alichoweza ni kumwomba yule dada wa kazi akubali kuonana nami. Akamwonya wazi: ukisema ukweli unaweza kufutiwa hifadhi, unaweza kushtakiwa.

Hebu fikirini. Picha ilikuwa yake, cheti kilikuwa halisi. Angekaa kimya siku sita tu, ningeondolewa nchini, naye angebaki na nyumba, na mtoto, na jina. Nani angejua?

Akasema nataka kumwona mama.

Yaliyofuata yalichukua miezi kumi. Vipimo vya vinasaba, barua, vikao. Nilimwandikia maelezo ya kumtetea ya kurasa tano, na safari hii nyumbani tulikuwa wanne. Mimi nilipewa hifadhi. Yeye walimfutia ile ya kwanza, tukakaa wiki saba hatujui anaondoka au anabaki, kila hodi tunatazamana. Mwishowe wakampa kibali kipya kwa jina lake mwenyewe, kifupi kuliko cha mwanzo. Kinakaguliwa kila mwaka. Ikikaribia tarehe, wote wawili hatulali.

Tunaishi nyumba moja. Binti yangu siku ya kwanza alijificha nyuma ya gauni la yule dada, akauliza, "Huyu ni nani?" Siku hizi ananiita mama mkubwa. Akianguka, bado anakimbilia kwa yule kwanza. Natamani kusema nimezoea.

Sasa wewe unayeishi na jambo uliloliandika tofauti kwenye karatasi, au uliyeletewa barua ukaanza kufungasha: tafuta watu wa msaada wa kisheria, uwaambie yote kabla hujaulizwa. Mimi nilibakiza hatua moja nitoroke mji aliokuwamo mwanangu. Na yule niliyemwogopa kuliko wote, niliyemwendea na mkasi, ndiye aliyekuwa anamsuka nywele kila asubuhi.