Bi Suntali na Mganga wa Mkeka wa Pili

Kwa miaka minne Bi Suntali Gharti hakuona kitu ila ukungu mweupe, na kwa miaka minne hiyohiyo mganga Kalu Budha alimtibu kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alipiga ngoma, akampulizia moshi, akawakemea mashetani wa milima yote ya wilaya yao ya Rolpa. Mashetani hao walitaka jogoo tu, tena walionona. Macho hayakubadilika. Aliyenawiri ni mganga.

"Naona nafuu," Kalu husema.

"Afadhali wewe unaona," Suntali humjibu.

Kisha mkwewe Junkiri, aliyeolewa na mwanawe Lalbir mwaka mmoja baada ya mama kupofuka, akaleta habari: madaktari wa macho wamepiga kambi katika shule ya bonde la pili, na kupasuliwa jicho hakugharimu hata bei ya jogoo mmoja.

Kalu akaonya, "Dada, watakuachia shimo."

"Kwani sasa nina nini hapa, darubini?"

Alfajiri Lalbir akamtia mama katika kapu la kuni, akalibeba mgongoni, ukanda wake kwenye kipaji chake cha uso, wakateremka, Junkiri nyuma na chakula. Njia nzima kipofu alimwelekeza mwenye macho pa kukanyaga.

Daktari, binti mdogo, alimmulika. "Mama, huyu ni mtoto wa jicho. Amekomaa kabisa."

"Kama amekomaa, mtoe akajitegemee."

Wakamtia ganzi. Dakika kumi hazikutimia, jicho la kulia likafungwa bandeji; la kushoto lingefuata baadaye. Wakamlaza darasani, kwenye mkeka.

"Taratibu, dada, unanikanyaga," akanung'unika mtu wa mkeka wa pili.

Sauti hiyo Suntali angeitambua hata kaburini. "Kalu? Umewafuata mashetani wangu mpaka huku?"

Mganga akajikohoza, "Nimekuja kuwachunguza hawa madaktari."

"Na bandeji usoni?" Suntali akauliza, vidole vyake vimekwisha kumpapasa.

"Dawa haichunguzwi bila kuonjwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Kilipotulia, mganga akasema kwa sauti ya chini, "Tangu mwaka juzi naona kwa shida, dada. Mganga mzima, ningemwambia nani?"

Suntali akageukia ilikotoka sauti. Akapapasa kikombe chake cha chai, akamsogezea.

Asubuhi bandeji ya Suntali ikafunguliwa. Kwanza aliona mwanga, kisha vidole vya daktari, kisha mwanamke kijana mwenye kipini puani, ameshika bakuli la uji.

"Wewe nani?"

"Junkiri, mama."

Suntali akamkagua kwa jicho moja. "Nimewaambia majirani wote kwamba una sura ya mvivu."

"Nilikuwa nakusikia."

"Na wewe hukuwaambia kwamba mimi ni kipofu?"

"Walikuwa wanajua, mama."

Bi mkubwa akaishika mikono ya mkwewe, akaigeuza viganja juu. Ilikuwa imepasuka kwa kuni, maji na jembe, miaka mitatu ya kazi alizodhani zinajifanya zenyewe. Hakuiachia mpaka uji ukapoa.